Anguko Lisilosikika

"Sikusikia kitu," alisema Pryor, fundi wa sauti, akichungulia kutoka kwenye kibanda chake cha kioo.

Lester Gudger alikuwa bado chini ya ngazi, miguu juu, kofia usoni. Akajiinua kwa kiwiko. "Ndiyo kazi yenyewe, bwana. Ukisikia kitu, ujue kuna mfupa umekwenda."

Kwa miaka kumi na sita Lester alikuwa akianguka kwa mshahara katika vichekesho vya Hollywood. Alikuwa ameanguka kutoka juu ya mapaa, juu ya farasi, na mara moja kutoka kwenye gari la zimamoto lililokuwa likikata kona. Ndani ya suruali na koti alishona mito myembamba ya pamba, na mwili wake aliukabidhi kwa sakafu kidogo kidogo, kama mtu anayemlaza mtoto. Siku zile mpiga fidla alimpigia mwendo. Bwana Haskell, mwongozaji, alipiga kelele, "Yumba! Sasa kushoto! Mkanyage paka!" Mafundi walicheka, na kicheko chao ndicho kilichomwambia Lester kama abaki chini au ainuke aanguke tena.

Mwaka huu wa 1929 filamu zilikuwa zimeanza kusema. Mpiga fidla alikwishafukuzwa. Kamera ilifungiwa ndani ya sanduku ili mlio wake usinaswe, na mpiga picha alitoka humo amelowa jasho kama aliyeogeshwa akiwa na nguo zake. Maikrofoni ilifichwa kwenye chombo cha maua. Taa nyekundu ikiwaka, kila mtu alijiziba mdomo kwa leso asije akacheka, hata Haskell.

Ndiyo maana Lester aliharibu mara mbili asubuhi ile. Alianguka, akasubiri kicheko. Kimya. Akadhani hajachekesha, akainuka akaanguka tena, akatoka nje ya picha. Mara ya tatu alibaki chini kama alivyoambiwa, na sasa huyu Pryor, aliyetoka kufunga simu majumbani, anasema hakusikia kitu.

"Wakubwa wanataka kishindo, Gudger," alisema Haskell bila kumtazama. "Ukishindwa, kesho namwita yule mpiga mieleka."

"Yule hajui kuanguka, bosi! Yule anaporomoka tu kama kabati."

"Kabati lina sauti," alisema Pryor.

Mafundi wakacheka. Sasa ndiyo wamecheka, aliwaza Lester. Wapumbavu wakubwa.

Alikwenda nyuma ya pazia, kwa Bi. Tibbets wa mavazi. "Nipe mkasi, dada."

"Wa nini?" Alipomwona anaifumua mito, akamshika mkono. "Lester, una miaka arobaini na saba. Zile ngazi ni za mbao kweli."

"Si wanataka kusikia mbao?"

Taa nyekundu ikawaka. Leso zikapanda midomoni. Lester akasimama juu, akakanyaga hewa kama aliyeikosa ngazi ya kwanza, akaenda chini. Safari hii hakuikabidhi sakafu kitu. Sakafu ilijichukulia yenyewe: bega, kiuno, kisha mbavu kwenye ukingo wa ngazi ya mwisho. Akabaki chini. Hata angetaka kuinuka, asingeweza.

"Hiyo!" Pryor alitoka mbio kibandani. "Hiyo ndiyo!"

Wakaipiga sahani ya nta iliyonasa sauti, ili wote wasikie. Lester alisikiliza akiwa amekaa sakafuni, mkono ubavuni. Ngazi zikalia, tena, tena, kisha kishindo. Baada ya kishindo ikaja sauti nyingine, ndogo, kama ya mbwa aliyefungiwa mlango. Hakujua kwamba ametoa sauti. Katika miaka kumi na sita hakuwa ameisikia.

"Ule mguno wa mwisho," alisema Pryor, "turudie bila ule?"

Haskell alitikisa kichwa. "Hapana. Uache. Watacheka sana pale." Akapiga makofi. "Lakini turudie mara moja, kwa usalama. Gudger, na mguno vilevile."

Bi. Tibbets alikuwa amesimama kando ya pazia, ile mito ya pamba mikononi. Lester alimtazama, akaitazama mito. Kisha akashika reli ya ngazi, akaanza kupanda, na leso zikaanza kutoka mifukoni.