Jogoo Anawaita

Tarumbeta yake ilikuwa imetundikwa kwenye msumari, mdomo chini, kati ya mizani ya muuza nyanya na fungu la miavuli. Aliiona vizuri kupitia nondo za dirisha la stoo ya mji. Hiyo ilikuwa siku ya nne anakuja kusimama pale, na kila siku mtunza stoo alimpa jibu lile lile.

"Bado."

"Bado nini, mzee wangu?"

"Bado." Mtunza stoo alijimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa. "Kwani wewe si ndiye yule Jogoo, anayevaa manyoya ya vitambaa?"

"Ndiye."

"Basi leo nimesadiki. Jogoo la shamba haliwiki mjini." Akacheka peke yake mpaka chai ikamwagika.

Jogoo naye akacheka, maana aliyeshikiwa riziki hachagui mzaha. Askari wa mji walimkamata na kumnyang'anya tarumbeta kwa kosa la kupiga kelele bila kibali, siku alipokuwa akichangamsha ufunguzi wa duka la magodoro. Wiki ya tatu sasa. Mpiga tarumbeta akikaa wiki tatu bila kupuliza, midomo humlegea kama ya mtoto. Ndiyo maana kila asubuhi alipuliza kipande cha mpira wa maji nyuma ya nyumba ya dada yake, kikitoa mlio wa ndama anayekata roho. Majirani walikwisha kuuliza kama kuna mgonjwa.

"Nenda chumba namba sita," mtunza stoo akasema ghafla, kana kwamba alikuwa amelisahau jambo hilo tangu asubuhi. "Afisa Uhusiano anakuulizia. Futa viatu."

Afisa Uhusiano alikuwa mwanamke kijana, mpole, mwenye sauti ya kubembelezea watoto. Alimkaribisha kiti chenye mto. Akaagiza aletewe chai ya maziwa.

"Kaka, watu wanakupenda," alisema. "Mji unaandaa tamasha la wafanyabiashara. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, uwanjani, kiingilio bure. Tunataka uso wa tangazo uwe wako. Picha, mabango, vipeperushi, na video fupi ya kusambazwa kwenye simu. Na tunataka uyatengeneze pamoja nasi, maana wewe unawajua watu wa sokoni kuliko sisi."

"Na tarumbeta yangu, mheshimiwa?"

"Sasa utapigaje tarumbeta bila tarumbeta?" Alitabasamu. "Utapewa leo leo, na kibali cha mwaka mzima. Utie saini hapa tu."

Karatasi zilikuwa nne. Aliisoma ya kwanza, akafika katikati ya pili, akainua macho na kumwona mtunza stoo amesimama mlangoni na tarumbeta mkononi. Akatia saini.

Kwa siku tano chumba cha mikutano kikawa karakana yake. Alifika asubuhi na vazi lake ndani ya gunia: kishungi chekundu, mdomo wa ngozi, mabawa, na mkia ambao dada yake aliushona kwa mabaki ya mashati, mapazia na sare za shule, kipande kimoja kimoja, kwa miezi miwili. Walimsimamisha juu ya meza mbele ya shuka jeupe, taa mbili zikimchoma usoni, jasho likimtiririka mgongoni hadi kwenye soksi.

"Panua kifua," mpiga picha alimwamuru. "Jogoo gani huyu ana haya kama bibi harusi?"

Alipanua. Lakini kazi aliyoipenda zaidi ilikuwa ile ya kukaa ubavuni mwa bwana wa kompyuta na kuliona bango likizaliwa. Zamani, kabla ya tarumbeta, aliwahi kuandika majina ya maduka kwa brashi, na mkono ulikuwa haujasahau.

"Hapana, ndugu yangu, umejaza maneno kama barua ya posa," alisema. "Mtu wa sokoni halisomi bango. Ana ndizi kichwani, mtoto mgongoni, mteja anamvuta nguo. Analiona tu. Weka Jogoo mkubwa, weka siku, weka neno moja la kumkaa kichwani."

Afisa Uhusiano alikuwa amesimama nyuma yao, mikono kifuani. "Neno gani?"

"Jogoo anawaita."

"Zuri. Zuri sana." Alifikiri kidogo. "Lakini wale ndugu zetu hawaachi vibanda. Mwaka jana uwanja ulikuwa mtupu. Tuwaambie nini ili wafunge?"

Alikuna kidevu. Mambo kama hayo hayakumpa taabu. Midundo ilimjia yenyewe kama mate. "Jogoo anawaita, fungeni vibanda. Watatu kati ya kumi watafunga kwa ajili ya ngoma, waliobaki watafunga kwa sababu jirani amefunga."

"Na walinzi?"

"Walinzi wa soko?"

"Nao ni watu, kaka. Nao wafurahi." Alisema hivyo huku akiangalia simu yake. "Saa nne mpaka saa nane. Tungependa soko zima liwe uwanjani saa hizo. Zima."

Jogoo alimtazama. Swali lilimjia, dogo tu, kama punje ya mchanga kwenye wali. Akalitafuna, akalimeza. Mchana huo walirekodi video. Alipiga wimbo wake wa sekunde arobaini mara kumi na moja, mpaka mdomo wa juu ukachanika, na mara ya kumi na moja ndiyo ikawa nzuri kuliko zote.

Dada yake alikuwa na kibanda cha ushonaji katikati ya soko la chini: mabati manne, meza, na cherehani ya miguu iliyomlea yeye na mdogo wake tangu mama yao alipofariki. Juu ya meza kulikuwa na mlima wa sare. Shule zilikuwa zifunguliwe Jumatatu.

"Jumamosi?" dada aliuliza, sindano tatu midomoni. "Umeniona mimi nafunga Jumamosi? Hata siku nilipoumwa na jino sikufunga."

"Ni muda wa saa nne tu, dada."

"Una uhakika na watu hao?"

"Nimekaa nao ofisini. Nimekunywa chai yao."

"Chai si kiapo." Alizitoa sindano mdomoni, akazichomeka kwenye ukosi. "Jana walipita watu wawili na kamba. Wanapima. Niliwauliza wanapima nini, wakasema mfereji. Mfereji gani unapita katikati ya cherehani yangu?"

Hata Jogoo alikuwa amewaona. Tangu alipoanza kuzunguka sokoni na kipaza sauti, akigawa vipeperushi vyenye uso wake mwenyewe, aliwaona mara mbili, na mara zote mbili alivuka upande wa pili wa njia. Watu walimshangilia. Muuza viazi alibandika mabango manne peke yake. Fundi viatu alimwambia, "Jogoo, usipokuja mwenyewe jukwaani tutakuchinja," na soko likacheka. Mtu akishangiliwa namna hiyo, atasimama kuuliza habari za kamba?

"Dada," alisema kwa sauti ya chini, "ukibaki wewe, watu watasemaje? Ndugu yake wa damu hajaja. Nitauweka wapi uso wangu?"

Dada akang'ata uzi. "Haya. Lakini utanisaidia kupiga pasi sare hizi Jumapili nzima."

Jumamosi uwanja ulijaa hadi watu wakabanwa kwenye kuta. Walikuja na watoto, na viti vya plastiki, na walinzi wa soko walikuja na marungu yao wakaketi mstari wa mbele. Dada alivaa gauni la kijani alilolishona mwenyewe. Jogoo alipotokea jukwaani na kutingisha mkia, kelele zilizopanda zilimpiga kifuani. Katika miaka yote ya harusi na maduka ya magodoro hakuwahi kusikia umati ukilitaja jina lake kwa pamoja.

Alikuwa kwenye wimbo wa tatu alipoona vumbi.

Jukwaa lilikuwa limeinuliwa juu. Yeye peke yake ndiye aliyeweza kuona juu ya ukuta. Vumbi jekundu lilipanda upande wa soko, nene, likisimama bila kupeperuka. Alifikiri ni upepo, lakini mkia wake haukutikisika. Kisha akaona mkono wa njano wa mashine ukiinuka juu ya mapaa, ukatulia, ukashuka.

Alitoa tarumbeta mdomoni. Umati ukadhani ni mbwembwe, ukapiga vigelegele.

Afisa Uhusiano alikuwa pembeni ya jukwaa. Alimkaribia kwa hatua mbili, akasema kwa sauti ile ile ya kubembeleza, "Endelea."

"Wanabomoa."

"Endelea, kaka. Ukinyamaza sasa watu elfu kadhaa watakimbilia lango moja. Unaona watoto pale mbele? Watakanyagana. Damu hiyo utaibeba wewe?"

Aliwaona watoto. Aliliona lango, jembamba, na lori la askari limesimama nje yake. Alimwona dada yake akicheza mabega na muuza viazi. Akairudisha tarumbeta mdomoni, akapiga. Alimaliza wimbo wa tatu, akapiga wa nne, akapiga wa tano, damu ikimwingia kwenye meno, macho yake kwenye vumbi lile, mpaka simu ya kwanza ilipolia katikati ya umati na mwanamke mmoja akapiga yowe ambalo halikuwa la furaha.

Kufikia alasiri soko la chini lilikuwa limesawazishwa. Watu walitembea juu ya mabati wakiyainua na kuyaacha. Hakuna aliyempiga Jogoo. Afadhali wangempiga. Muuza viazi alipita mbele yake akatema mate, si juu yake, kando tu, kama mtu aliyeingiwa na inzi mdomoni.

Dada aliikuta cherehani chini ya nguzo, gurudumu limepinda, shingo imevunjika. Sare zilikuwa zimesagwa pamoja na tope. Alikaa juu ya ndoo. Mdogo wake alichuchumaa karibu naye, bado yumo ndani ya manyoya, kishungi mkononi.

"Dada, sikujua."

"Hukujua, au hukutaka kujua?"

Mdogo wake akakipangusa kishungi vumbi.

"Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako," dada alisema, akiutazama mkia wa mdogo wake uliotandazwa kwenye vumbi. "Hawakusema kwamba nguo yenyewe utaishona kwa mkono wako." Kisha akainuka, akaanza kuchagua vifungo kwenye tope, kimoja kimoja, akavitia kwenye mfuko wa gauni. Hakusema naye tena siku hiyo wala iliyofuata.

Jumanne alirudi chumba namba sita. Safari hii hakupewa chai.

"Hata mimi nimeajiriwa, kaka," Afisa Uhusiano alisema. Alionekana hajalala vizuri. "Notisi ilitolewa. Ilibandikwa hapa ofisini, ubaoni, siku thelathini."

"Nani wa sokoni anakuja kusoma ubao wenu?"

"Sheria haisemi wasome. Inasema ibandikwe."

Ukutani nyuma yake kulikuwa na rundo la mabango mapya yaliyofungwa kamba. Jogoo alijiona, kifua mbele, mdomo wa ngozi juu. Tarehe ilikuwa ya Jumamosi ijayo. Mahali palikuwa uwanja wa ng'ambo, karibu na soko la ng'ambo.

"Mimi siji," alisema. "Sipigi hata sauti moja."

"Hulazimishwi." Alifungua faili, akamwonyesha ukurasa wa nne, ule ambao hakuufikia. "Picha ni mali ya mji. Wimbo ni mali ya mji, na maneno pia. Jukwaani tutamweka mtu mwingine ndani ya manyoya, nani atajua? Nenda ukapumzike, kaka. Kibali chako bado kinafanya kazi."

Alitembea mpaka soko la ng'ambo kwa miguu. Mara ya kwanza alikwenda na shati lake la kila siku, akamwambia mwanamke wa kibanda cha mwanzo kwamba asifunge Jumamosi, kwamba watabomolewa. Mwanamke alimwuliza yeye ni nani. Alipojibu, majirani walicheka: Jogoo ni mtu mrefu, walisema, ana kifua, si kama wewe.

Kwa hiyo kesho yake alivaa vazi. Lilikuwa na tope lililokauka, bawa moja likining'inia, maana hakuthubutu kumwomba dada alishone. Alipoingia sokoni watoto walimkimbilia. Alipanda juu ya kreti, akang'oa bango lililokuwa juu ya nguzo, akalirarua vipande viwili.

"Msifunge vibanda!" alipiga kelele. "Nawaambieni, msije! Wanangoja mtoke! Sisi walitubomolea tukiwa tunacheza ngoma!"

Umati ulikuwa umekwisha kumzunguka. Mtu akapiga mluzi. "Huyu bwana ana vituko!" kinyozi alisema, akiwa bado na mkasi mkononi. "Eti msije! Hivi ndivyo wanavyofanya sasa matangazo, wanakukataza ili utamani."

"Sifanyi mzaha! Angalieni mdomo wangu!"

Wakaangalia, wakauona ule wa ngozi. Wakacheka zaidi. Wakati huo gari la mji lenye vipaza sauti liliingia polepole kwenye njia ya soko, likipiga ule wimbo wa sekunde arobaini, safi, wa mara ya kumi na moja, na watu wakaanza kufuatisha kwa makofi. Jogoo alizidi kupiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Wakamwona akipanua mdomo na kutupa mabawa huku na huku, na kila alivyozidi kuyatupa ndivyo walivyozidi kumpigia makofi.

Chini ya kreti, mama mmoja muuza vitunguu aliinama akaokota vile vipande viwili vya bango. Alivipangusa kwa khanga, akavilinganisha juu ya goti mpaka shingo ikakutana na kifua, akaviingiza ndani ya kibanda chake, akaanza kutafuta gundi.