Sita kwa Nane

Asadu alifika mkutanoni na unga kwenye nyusi. Aliiacha mashine ya kusaga pale Mpumudde akiwa katikati ya kusaga gunia la mtu, kwa sababu shule ilikuwa imetangaza kwamba mzazi asipohudhuria, mtoto wake atarudishwa nyumbani. Wazazi walibanana kwenye madawati ya darasa la tano. Ubaoni mwalimu mkuu, Bwana Mutwalibu, alikuwa ameandika chakula cha kila mtoto kwa wiki. Unga wa posho: muhula uliopita 6/8 ya kilo, muhula huu 3/4. Maharage: muhula uliopita 6/8, muhula huu 3/5.

Asadu alisoma mstari wa kwanza tu, damu ikamchemka. Miaka kumi na minne kwenye mashine ilimfundisha jambo moja: namba ikishuka, unga umeshuka. Akasimama.

"Bwana hedimasta, mimi nasaga unga, hapana danganya mimi. Sita kwa nane imekuwa tatu kwa nne. Ile ingine iko wapi? Nyinyi nakula chakula ya watoto!"

Wachache wakapiga makofi. Mwalimu mkuu hata hakukasirika. Alitabasamu, akaita mwanafunzi kutoka nje. Akaja Madinah, binti wa Asadu mwenyewe.

"Elezea wazazi."

Madinah alishika chaki bila kumtazama baba yake. "Sita na nane zote zinagawika kwa mbili. Sita gawa kwa mbili, tatu. Nane gawa kwa mbili, nne. Kilo sita kwa watoto wanane, ama kilo tatu kwa watoto wanne, kila mtoto anapata ile ile. Wamerahisisha tu."

Darasa zima likaangua kicheko. "Afande wa posho, rudi shule!" alipaza sauti Cissy, muuza nyanya. Asadu akaketi, masikio yanawaka. Kuchekwa ni aibu, lakini kuchekwa mbele ya mwanao ni kuvuliwa nguo.

"Na maharage ni vivyo hivyo," alisema mwalimu mkuu. "Tumerahisisha. Kuna swali?"

Nani angeuliza, aje achekwe kama mwenzake? Lakini Madinah hakuondoka. Aliikazia macho ile 3/5, kisha akamtazama baba yake. Asadu akaanza kuhesabu kwa vidole chini ya dawati, akiirudia kinyume njia aliyotoka kuisikia. Tatu mara mbili, sita. Tano mara mbili, kumi. Kilo sita kwa watoto kumi, si wanane. Maharage yamekatwa kweli! Wanasema mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani. Bwana Mutwalibu hakuwa na mashaka yoyote.

"Asante binti, toka nje," alisema, akimpokonya chaki. "Mzee Asadu, umeridhika?"

Madinah alifika mlangoni, akasimama. Asadu akafungua mdomo. Nyuma yake mtu akaanza kucheka kabla hajasema neno.

"Nimeridhika, bwana."

"Wanaokubali mgao huu, wanyooshe mikono."

Mikono ikapanda. Asadu akaunyoosha wake, binti yake akiwa bado mlangoni, anamtazama.