Vyembe vya Fundi Baiskeli

Fundi baiskeli alikuwa barazani akinoa vyembe vyake, na mkewe, aliyekuwa jikoni akichambua mchele, hakuhitaji kuchungulia ili ajue amefika wapi. Chembe ni kile kipande bapa cha chuma chenye mbawa mbili kali kinachokaa kwenye ncha ya mshale wa kuwindia. Tupa ilipolia kwaru, kwaru, mama alijua bado chuma kinakatwa. Likifuata jiwe lenye mafuta, sauti inashuka, inakuwa kama mtu anayenong'ona. Mwisho unakuja ukanda wa ngozi, aliouchuna kwenye tandiko la baiskeli kuukuu, nao unapiga pa, pa, kama mtoto anayekung'utwa vumbi. Kabla ya yote hayo fundi hupaka makali wino mweusi wa kalamu nene, ili tupa ikipita aone imegusa wapi na imeruka wapi. Miaka yote ya ndoa yao mama alikuwa ameisikia kazi hiyo, ila hakuwahi kuishika.

Safari hii sauti ilikuwa na mapengo. Kwaru, kwaru, halafu kimya. Kila kilipoingia kimya mkono wa mama nao ulisimama kwenye ungo, mpaka tupa ianze tena.

Msimu uliopita wa mawindo fundi alianguka kilimani, akarudishwa amelazwa nyuma ya pikapu, anacheka. Daktari alimwambia moyo umechoka, mambo ya vilima basi. Fundi akamjibu kwamba huo moyo amekaa nao muda mrefu kuliko daktari, wanajuana. Binti yao mkubwa, ambaye ni muuguzi, hakuona cha kuchekesha hapo. Alimbembeleza baba yake, akamnunia, akambembeleza tena, na aliposhindwa akamgeukia mama yake. Alimfuata pale pale jikoni, akainama kwenye ungo kama anayesaidia kuchambua, akampa shauri lake.

Wawindaji wana sharti lao, alisema. Asubuhi ya kuondoka kila mtu hujaribiwa vyembe vyake kwenye ukanda wa mpira wa tyubu uliovutwa juu ya fremu ya mbao. Chembe chenye makali kikigusa tu, mpira umekatika. Chembe butu kinausukuma mpira unanepa, na mwenye nacho anabaki nyumbani. Basi mama akivitia ubutu vyembe vya baba, wenzake watamwacha wenyewe, na hakuna atakayehitaji kugombana naye.

"Unataka nimdanganye baba yako?"

"Nataka uendelee kuwa naye, mama."

Mama aliliombea jambo hilo, ila hakukaa sana kusubiri jibu, kwa kuwa aliogopa litakuwa lipi.

Alasiri fundi alikwenda kwa kinyozi. Ndiyo ilikuwa desturi yake kabla ya mawindo, akisema haifai kumwendea mnyama wa watu na kichwa kama kichaka. Mama akafungua kopo la maziwa ambamo vyembe vililala vimefungwa kitambaa. Akachukua chupa tupu ya soda, akaburuza makali kwenye shingo ya chupa, ubawa mmoja, kisha wa pili, chembe baada ya chembe. Chuma kililia mlio ambao haukuwahi kusikika katika nyumba ile, na haukumpendeza. Alipomaliza alivirudisha vyote katika mikunjo ile ile ya kitambaa.

Asubuhi pikapu ikaja. Aliyeiendesha alikuwa kaka yake mama, dereva wa malori, mkubwa wa wawindaji, ambaye watu humwita Breki kwa sababu hajawahi kuwa nazo. Alimtazama fundi na upara wake mpya akasema leo swala watadhani amekuja bwana harusi. Fundi akamjibu kwamba wewe shemeji hata ukinyolewa watakukimbia tu. Mama alisimama mlangoni, mikono ameificha ndani ya nguo.

Breki akatundika fremu nyuma ya gari. Mmoja mmoja walipita. Mwashi alikata mpira kwa mguso mmoja. Kinyozi, tena yule yule aliyemnyoa fundi, alisukuma, akasukuma, mpira ukanepa ukarudi. Wakamcheka kwamba kumbe ndiyo maana vichwa vya watu vinawasha, naye akashusha mfuko wake akaenda zake. Ikafika zamu ya fundi baiskeli. Breki akaivua fremu, akaitupia garini.

Mzee hajaribiwi, alisema. Jaribio lenyewe ni nani aliyelianzisha? Hata tyubu yenyewe imetoka dukani kwake. Wenzake wakaitikia, mmoja akampokea upinde, mwingine akamfungulia mlango wa mbele.

Heshima. Hilo mama na bintiye hawakuwa wamelipigia hesabu.

Mama aliona mfuko wa mishale unapandishwa. Sasa alikuwa amekosa yote mawili: mume anaondoka na moyo wake uliochoka, na vyembe vinaondoka bila makali. Alikumbuka maneno ambayo fundi aliyasema mezani mara nyingi, watoto wakiwa wadogo, kwamba chembe kikali kinaua upesi, mnyama hajui hata kimempata nini, lakini butu kinamchana tu, naye anakimbia nacho porini siku na siku, anateseka peke yake. Mnyama naye ni kiumbe cha Mungu. Swali lake hautaulizwa mshale, ataulizwa aliyeutia ubutu.

"Kaka," alisema, "jaribu na vya shemeji yako."

Breki akacheka, akadhani ni utani. Mama akarudia vile vile, taratibu, na safari hii Breki alimtazama usoni, akaitoa fremu.

Chembe cha kwanza kilisukuma mpira ukanepa. Cha pili hivyo hivyo. Fundi akakipokea chembe mkononi mwa shemeji yake, akakielekeza juani. Makali ya kweli hayang'ai, mwanga hauna pa kukaa. Haya yalikuwa na uzi mweupe mwembamba kutoka ncha hadi shina. Akageuza upande wa pili, uzi ule ule. Akamtazama mkewe pale mlangoni, akaitazama na mikono iliyofichwa.

"Mkono wangu umechoka, jamani," alisema. "Nisameheni."

Mambo yalikuwa yamekwenda kama binti alivyotaka, na mama angeweza kunyamaza. Lakini mtu ambaye hajawahi kutoa chembe butu katika baraza yake alikuwa anajisingizia mbele ya watu aliowafundisha.

"Mkono wake hauna kosa," mama alisema. "Ni mimi. Nimeviburuza kwenye chupa."

Breki akajifanya anakagua tairi.

"Vyote?" fundi akauliza.

"Vyote."

"Pande zote mbili?"

"Zote mbili."

Fundi akatikisa kichwa polepole. "Nilijua. Hakuna mwingine ambaye angeviharibu kwa usafi huu."

Mwashi ndiye aliyeshindwa kujizuia, akacheka, na wengine wakafuata, na mama mwenyewe akajikuta anacheka huku machozi yanamtoka.

Breki alisema watamngoja avinoe upya, hata jua likipanda. Fundi akaketi kwenye kidato cha baraza, akapaka wino, akashika tupa. Kwaru, kwaru. Kimya. Kwaru. Kimya kingine, kirefu. Mama alikuwa amezoea kuvisikia vimya hivyo kutoka jikoni. Leo aliona kilichokuwa ndani yake: mume wake ameweka tupa magotini, kiganja kifuani, anaitafuta pumzi mdomo wazi. Fundi aliinua macho akamwona anamwona.

Alikimaliza kile kimoja, jiwe, kisha ngozi, akakigusisha kwenye mpira. Ukakatika kabla hajakandamiza. Akamkabidhi Breki.

"Chukua, shemeji, hivyo vyako ni vijiko. Mimi chembe kimoja tu kimenimaliza pumzi. Kilima kitanifanya nini?"

Breki alikipokea kwa mikono miwili. Hakufanya utani.

Pikapu ilipoondoka fundi alibaki akiitazama barabara mpaka vumbi likatulia. Kisha akagonga kidato kando yake. "Haya, mama watoto. Umeviharibu, utavinoa."

Akamwonyesha namna ya kulaza tupa. Mama alikosea mwanzoni, tupa ikalia kwa ukali, na sikio lake likakataa kabla fundi hajafungua mdomo. Akailaza kidogo. Kwaru, kwaru. Ndiyo hiyo, sauti ya nyumba yake. Fundi akaegemea ukuta akafumba macho, na mama akawa ananoa huku anakitazama kifua chake, kinapanda, kinashuka, kinapanda.

Alidhani amelala.

"Wino haujaisha upande huo," fundi alisema, macho amefumba vile vile. "Umeruka."