Nafasi Kilimani kwa Elkanah

Mwezi wa Mei huku kwetu ukungu hauondoki bondeni mpaka jua likasirike. Unatoka kibarazani asubuhi na kikombe cha kahawa, unakuta dunia imefutwa, kimebaki kilima cha makaburi peke yake kikielea juu ya weupe na mierezi yake. Shangazi yangu Delphia alikuwa akikitazama kila siku, tangu daktari alipomwambia kwamba moyo wake umechoka na asihangaike kununua koti la baridi ijayo. Hakulia. Alisema tu, "Haya, basi nitahamia kule juu," kama vile anahamia chumba cha pili.

Shida ni kwamba kule juu walimkatalia.

Kilima kile ni cha Elkanah Stidham. Alivuka pengo la milima na mkewe Hester, ng'ombe mmoja, chungu cha chuma na kifuko cha chumvi, wakati Kentucky hii haina barabara wala mahakama. Palikuwa na msitu tu, na Washawnee waliokuwa wakiwinda humu kabla yake, jambo ambalo kwenye mikutano ya ukoo watu hulipitia haraka haraka kisha wakaomba mkate wa mahindi. Kila mtu katika mabonde haya anadai ni damu ya Elkanah. Hata watu wa posta wanadai. Sasa makaburi yakajaa, kamati ikakaa, ikapitisha kwamba atakayezikwa pale ni wa uzao wa Elkanah tu, na athibitishe.

Mwenyekiti wa kamati ni binamu yetu Arvil Stidham, aliyekuwa akiuza matrekta. Alipostaafu akakosa wa kumsumbua, akaanza kusumbua wafu. Mahakama ya wilaya iliungua zamani na vitabu vyote vya ndoa na vizazi, kwa hiyo Arvil aliufuata ukoo kwa mawe ya makaburi. Majira yote ya baridi alizunguka vilimani na brashi na kiti cha kukunja, akisoma majina yaliyoliwa na mvua. Nitamsifu kwa hilo, maana mimi baridi ile hainitoi ndani hata kwa harusi.

Akaja kibarazani kwetu siku moja ya Aprili, kofia mkononi. Kofia ikiwa mkononi, ujue habari ni mbaya.

"Shangazi Delphia," akasema, "ninyi akina Lacy mnasema mmetokana na Kezia, binti wa Elkanah."

"Hatusemi. Ndivyo ilivyo," Shangazi akajibu. "Kezia aliolewa na Lacy mchemsha chumvi, akateremka naye mtoni, akazaa. Kaburi lake lilikuwa kwa wakwe zake mpaka serikali ilipojenga bwawa ikalizamisha. Samaki wanamjua."

"Nimemkuta Kezia." Arvil akaigeuzageuza kofia. "Yuko kilimani, pembeni, karibu na uzio. Jiwe linasomeka vizuri kabisa. Kezia, binti wa Elkanah na Hester. Alikufa hajatimiza hata miaka mitatu."

Nikaweka kikombe chini. "Unataka kusema nini, Arvil?"

"Sisemi kwa ubaya, Verlie. Mtoto wa miaka mitatu hazai. Huyo Kezia wa mchemsha chumvi, yeyote yule aliyekuwa, hakuwa wa Elkanah. Labda alikuwa mtumishi. Labda alijipachika tu."

"Wewe ndiye wa kujipachika!" nikamwambia. "Umejipachika uenyekiti, umejipachika kilima kizima, bado kidogo ujipachike mbinguni!"

"Verlie, mwache mtu amalize," akasema Shangazi. Midomo yake ilikuwa imekuwa myeupe.

"Nimemaliza," Arvil akasema. "Kuna makaburi mazuri ya mjini, Shangazi. Yana nyasi za kukatwa kwa mashine."

Alipoondoka, Shangazi aliendelea kukitazama kilima mpaka kuku wakaanza kuingia bandani. Kisha akasema, "Mama yangu yuko kule. Bibi yangu yuko kule. Wamewaruhusu wakati hawajui, na mimi watanipeleka nikalale na watu wa mjini nisiowajua hata majina." Nikamshika mkono. Niliona uchungu ambao sijui kuuandika, na niliona hasira ambayo naijua vizuri sana.

Baada ya hapo siku zikawa na usingizi ndani yake. Shangazi alilala mchana, akaamka, akaongea, akalala tena, na mimi nikikaa naye nikawa kama niko nusu kwake nusu kwingine. Nilifumba macho kidogo tu nikawaona wakishuka kutoka pengoni: mwanamume mrefu mbele anakata matawi, mwanamke nyuma anamvuta ng'ombe, na ukungu unawafunika miguu wasijue wanakanyaga nini. Mwanamke alikuwa anageuka kutazama walikotoka. Nilitaka nimwulize kitu, lakini kila mara birika lilipiga mluzi jikoni.

"Nimemwona tena Hester," Shangazi aliniambia asubuhi moja.

"Alisema nini?"

"Hasemi, yule. Alikuwa kwenye chemchemi anafua. Akaanika nguo kwenye vichaka, nguo ndogo ndogo za watoto. Nikamsaidia. Tukaanika, tukaanika, Verlie, nguo haziishi. Nyingi kuliko watoto ninaowajua."

"Ni zile dawa, Shangazi."

"Dawa haifui nguo," akasema, akalala.

Ikafika Jumapili ya kupamba makaburi. Hiyo, Arvil hawezi kumzuia mtu. Kila mwaka tunapanda wote, wa damu na wasio wa damu, tunang'oa magugu, tunarundika udongo juu ya kaburi ukae kama mgongo, kisha kila kaburi linapata ua. Maua ni ya karatasi, tunayatengeneza wenyewe na kuyachovya kwenye nta yasiloe. Baadaye tunatandika vitambaa kwenye nyasi, tunakula. Shangazi alikuwa amenifundisha tangu utotoni sheria moja asiyoivunja: hakuna kaburi la kuachwa bila ua, hata kama ni jiwe la mtoni lisilo na jina, hata kama ni uvimbe tu kwenye nyasi.

Wajukuu wa Arvil walimbeba Shangazi na kiti chake mpaka juu. Arvil mwenyewe alimletea mto wa mgongoni. Hilo ndilo linaloniudhi kwake, si mtu mbaya.

Siku hiyo ukungu ulikuwa umepanda mpaka kilimani. Watu walionekana nusu nusu, kofia hapa, kikapu kule, sauti ya bibi fulani ikiimba wimbo wa kanisani bila mwili. Nilipamba kwa mama yake Shangazi, kwa bibi yake, kwa Elkanah mwenye jiwe refu, kwa Reuben mwanawe, babu wa babu wa akina Arvil, aliyezikwa mzee wa ndevu na watoto kumi na mmoja. Nikapamba kwa Hester. Pembeni mwa Hester pana pazia la ule mmea wa kutambaa wenye maua ya buluu, ambao wazee walipenda kuupanda makaburini. Pamekuwa hivyo tangu nizaliwe. Kila mtu huupita kwa sababu ni mzuri.

"Mbona hapo hukuweka?" Shangazi aliita kutoka kwenye kiti.

"Hapa hapana mtu, Shangazi. Ni majani."

"Watu hawapandi maua yale kwa ajili ya sungura. Funua."

Nikapiga magoti, nikaukusanya ule mmea kwa mikono miwili, nikauvuta kama blanketi. Chini yake udongo ulikuwa laini na baridi, umevimba kidogo sana, kiasi cha mtu mdogo sana. Na kichwani pa uvimbe, limelala chali, jiwe jembamba. Lilikuwa na herufi, lakini zimejaa kuvu ya kijani.

"Kuna maandishi!" nikasema.

Watu wakasogea. Arvil akawatangulia na brashi yake, akasugua, akashindwa. Mimi nikaenda kwenye vikapu vya chakula, nikachota unga wa mahindi, nikaumwaga juu ya jiwe na kuupangusa kwa kiganja. Unga ukabaki kwenye mikwaruzo. Herufi zikaja juu polepole, nyeupe, moja baada ya nyingine.

Arvil ndiye aliyesoma, kwa sauti, maana amezoea.

"Reuben," akasoma. "Mwana wa Elkanah na Hester. Alikufa akinyonya."

Akageuka akalitazama jiwe la yule Reuben mwenye ndevu, kisha akalirudia hili. Nilimwona anapiga hesabu usoni. Mtoto anayekufa akinyonya naye hazai.

"Sasa, Arvil," nikamwuliza, tena kwa upole, maana mwenye raha hana haja ya kupiga kelele, "wewe ni nani?"

Mtu mmoja akacheka nyuma, akajizuia, akashindwa. Mkewe Arvil akasema, "Mimi nimeolewa na nani basi miaka yote hii?" Wakacheka wengi. Arvil hakucheka. Alikuwa amekaa chini kwenye majani yenye umande na suruali yake ya kanisani, uso umemwishia rangi, na ghafla nikamwonea huruma, nikaichukia ile huruma.

"Mwacheni," Shangazi akasema. "Arvil, njoo hapa, mwanangu."

Akaenda, akachuchumaa mbele ya kiti chake.

"Wewe ni Stidham tangu kwenye kisigino. Sikiliza. Watu wale walikuwa na majina machache, na yote yalikuwa ya watu waliowaacha ng'ambo ya milima wasitarajie kuwaona tena. Reuben lilikuwa jina la baba wa Elkanah. Kezia, la mama wa Hester. Mtoto akifa, wangeliacha jina la mama liende udongoni? Aliyefuata alipewa. Bibi yangu naye alifanya hivyo hivyo, alizaa Wiley wawili, wa kwanza akafa. Nilipokuwa mdogo lilikuwa jambo la kawaida, hakuna aliyelisema."

"Kwa nini hukuniambia Aprili?"

"Kwa sababu sikufikiri. Uliponiambia ni mtoto wa miaka mitatu, nilisikia tu kwamba sina kwetu. Mtu akiambiwa hivyo hafikiri."

Arvil akajifuta macho kwa ukingo wa kofia. "Kwa hiyo wako wawili," akasema. "Reuben wawili. Kezia wawili."

"Wako wawili."

Alisimama, akajitengeneza tai. Kwa sauti ya mwenyekiti akasema mbele ya wote kwamba akina Lacy ni damu ya Elkanah na atakayepinga aanze na yeye. Kisha akamwinamia Shangazi. "Chagua mahali. Popote. Kwa Elkanah upande wa mashariki pana nafasi nzuri, jua linafika mapema. Nilikuwa nimeiweka kwa ajili yangu."

Nilijua atachukua pale. Nani asingechukua? Shangazi akanishika bega, akainuka. Tulitembea taratibu sana, tukampita Elkanah, tukampita Hester, tukawapita mama yake na bibi yake, ukungu ukifunguka mbele yetu na kufunga nyuma, mpaka pembeni kabisa karibu na uzio, kwenye lile jiwe dogo ambalo Arvil alilisoma majira ya baridi.

"Hapa," akasema.

"Shangazi, hapo ni pembeni," Arvil akasema. "Hata maji hutuama."

"Elkanah ana watu wa kutosha." Alikuwa anahema. "Huyu alikufa, na kabla nyasi hazijaota juu yake wakamvua jina wakamvisha mwingine. Sisi sote tumetoka kwa yule mwingine. Tumekuwa tukipanda hapa kila mwaka tunataja Kezia, Kezia, na hata siku moja hatukumtaja yeye. Na mwaka huu mlipomwona mlimfanya shahidi. Mimi nilimchukia, Verlie. Mtoto wa miaka mitatu, nikamchukia kwa sababu alikufa." Akaanza kulia, hakujificha. "Mlazeni mtu naye. Nilazeni mimi."

Mke wa Arvil alikuja akamshika upande wa pili.

Alifariki Oktoba, mchana, usingizini, majani yakiwa mekundu. Tulimlaza miguu mashariki kama wote. Arvil alichimba mwenyewe ingawa mgongo wake ni mbovu, akachimba na mfereji wa kuondoa maji, akakataa kupokewa sepetu. Tulipomaliza, watu wakashuka kwenda kula, yeye akabaki. Nilirudi kumwita nikamkuta amechuchumaa kati ya makaburi mawili, kubwa jipya na dogo la zamani, anaongea. Nilifikiri anamuaga Shangazi.

"Kezia," alikuwa anasema, polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto jina lake. "Kezia. Ni wewe ninayekuita."