Upepo wa Shemeji

Kila asubuhi, kabla hata hajavua koti, mpangaji wa njia za ndege huulizwa na wenzake ofisini: "Shemeji kaamkaje leo?" Naye hufungua kompyuta, hutazama mishale ya upepo kwenye ramani, na kuwajibu kwamba mkewe amesogea kaskazini kidogo, au kwamba leo amenuna tu, havumi.

Shemeji alifariki mwaka jana, siku ambayo mumewe alinyimwa na meneja ruhusa ya kwenda hospitali kwa kuwa ratiba ilikuwa imebana. Wiki ya mazishi ukatokea upepo mpya kule juu zinakopita ndege, ukivuma kuja huku nyumbani. Marubani waliripoti kwamba unanukia sabuni ya kufulia na unaimba puani, tena unakosea wimbo.

"Ni yeye," mume alisema. "Kuimba hakuwezi."

Tangu hapo ndege zinazorudi hupangiwa njia ya kubebwa naye, na zinazokwenda hupangiwa kumkwepa, maana kupigana naye kunakula mafuta. Meneja huyasifia mafuta yanayookolewa kila kikao. Ile ruhusa hajawahi kuitaja.

Mume mwenyewe alikuwa hajawahi kupanda ndege hizo. Nyumbani hupika cha watu wawili, akala cha mmoja, akalala upande wake uleule wa kitanda. Mwishowe upweke ulimzidi, akapiga moyo konde na kuomba kiti.

"Za kurudi zimejaa wateja," meneja alisema. "Panda ya kwenda, kaka. Kurudi, kuna mabasi."

Njia akaipanga mwenyewe, kama kawaida. Mkono ulishazoea: uliikunja njia, ukamzunguka Shemeji kwa mbali. Alishtukia kosa lake akiwa angani, mkanda kiunoni. Akamwita mhudumu, akaomba rubani apite kaskazini, aliko mkewe.

Mhudumu alirudi taratibu. "Pole, kaka. Rubani anasema tumejaziwa mafuta ya njia uliyochora tu."

Akalaza kiganja dirishani, akangoja ndege itikisike walau kidogo. Haikutikisika.

"Safari imetulia," alisema mama aliyekaa kando yake. "Aliyepanga njia hii anajua kazi yake."

"Anaijua," alijibu, akalia mpaka walipotua.