Kioo Kipana

"Nipe pana kuliko zote," mama mshonaji alimwambia muuzaji wa televisheni.

"Ya kuangalia tamthilia, mama?"

"Ya kumwangalia mwanangu. Ni mshika kibendera kwenye mechi, hajakanyaga nyumbani tangu apate kazi hiyo. Ile yetu ya zamani ya kichogo inakata picha pembeni, na yeye pembeni ndiko anakokimbia. Naambulia mkono na kibendera tu. Hata leo yuko uwanjani."

"Wenzake wanatazama mpira, yeye anatazama mstari wa chaki," mumewe alitania.

Muuzaji akacheka, akafungulia mechi. Binti yao akapita kiooni mzimamzima, jasho likimtiririka. Mama akagusa kioo kwa vidole.

"Amekonda, baba yake."

Mumewe utani ulimkauka mdomoni. "Tufungie hiyo hiyo," alisema, lakini mama hakubanduka mpaka mechi ilipokwisha.