Hatua Kumi na Mbili hadi Mezani

Vumbi la kitani halina haraka. Ukichana mafungu ya kitani kwenye chanuo la misumari, asubuhi, dirisha likiwa wazi, hupanda taratibu likaingia kwenye mwanga, likakaa humo kama limefika kwao. Huanguka lipendapo. Humwangukia mchanaji kichwani, kwenye kope, kwenye midomo, hata msichana akaonekana ajuza.

Ndivyo ulivyonikuta siku ya kwanza, Josina. Ulisimama mlangoni, tumbo mbele, mikono kiunoni, ukacheka.

"Niliomba msichana wa miaka kumi na saba," ukasema, "nimeletewa bibi kizee."

Nami, ambaye maneno hunifia kooni kabla hayajaufikia ulimi, nikacheka. Sikuwa nimewahi kucheka nyumbani kwa mtu niliyemfanyia kazi.

Mumeo mfumaji alikuwa amekwisha kufa kwa homa. Uliketi kwenye kitanda chake cha mfumi, kile cha kufumia nguo, mimba ikigusa mti, ukafuma. Nje mto Leie ulinuka kitani kilicholowekwa kikaoza, harufu ambayo sisi wa mji ule hatuisikii, huisikia mgeni. Nilipokuita bibi ulitikisa kichwa.

"Niite dada."

"Siwezi, bibi."

"Utaweza. Ulimi ni kama uzi, huzoea njia."

Tukala bakuli moja, mimi na wewe. Mbaazi, samaki wa chumvi, mkate mweusi. Hukufanya ishara ya msalaba. Ulisali macho wazi, ukitazama chakula kama unayetazama mtu. Niliona. Jumapili walikuja watu wanne, watano, kwa mlango wa nyuma, wakabusiana kwa amani, wakasoma kitabu, wakaondoka mmoja mmoja. Niliona. Niliwapa pombe nyepesi, nikafuta meza, nikanyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi pekee niliyoijua bila kufundishwa.

Laiti ungalinyamaza, ulimi wangu. Ungalinyamaza tu hadi mwisho.

Kiangazi kile watu walichopanda ngazi wakavunja sanamu za watakatifu kanisani kilikuwa kimepita miaka miwili. Sasa alikuwa amekuja mtawala aliyetumwa na mfalme kutoka Hispania, na askari wake, na mji uliopiga kelele ukajifunza kunong'ona. Padri alianza kuulizia watoto. Nani amezaa, nani hajaleta mtoto kwenye jiwe la ubatizo, kwa nini. Wako alikuwa amezaliwa wakati wa baridi, msichana, Tanneken, na wewe hukumpeleka. Watu wenu huamini kwamba maji ni ya mtu mzima anayejua anachokiomba. Liwali wa mji aliiita imani hiyo uasi, na adhabu yake ilikuwa kifo.

Kwenye tanuri la Mama Kallen, tulikopeleka unga wetu kuokwa, wanawake walikuwa wakinisubiri.

"Pierine, mtoto wa bibi yako mbona hatujamwona kanisani?"

"Anaumwa," nikasema.

"Anaumwa miezi mitatu?" Mama Kallen akageuza mkate. "Mwanangu, angeumwa miezi mitatu tungekuwa tumeshazika au tumeshacheza. Au bibi yako naye ni bata? Siku hizi kuna watu ni bata, ila wao wanangoja wakue ndipo waingie majini."

Wakacheka. Nikaukumbatia mkate wangu ukingali moto, ukanichoma kifuani, nikauacha unichome.

Kisha ikaja siku ile ya Kwaresima. Tanneken alishikwa na kikohozi, pumzi ikawa nyembamba kama uzi mbovu. Adhuhuri midomo ikawa rangi ya buluu. Ulimkabidhi mikononi mwangu, ukakimbia bila viatu kumfuata mganga wa mitishamba ng'ambo ya daraja.

Sisi wanawake wa kule hufundishwa mapema. Mama yangu alinifundisha karibu na jiko, kwa bakuli na mwanasesere wa matambara, siku zilezile aliponifundisha kukanda unga. Mtoto akiwa anakata roho na padri yuko mbali, mmwagie maji mara tatu, utaje majina matatu, la Baba, la Mwana na la Roho. Mkono wa mwanamke unatosha. Yeye mwenyewe alichelewa kwa pumzi moja. Kaka yangu, aliyekufa bila ubatizo, amelala nje ya ua wa makaburi, kwenye upupu, hana jina. Kila Siku ya Marehemu watu wote walisimama wakitazama misalaba, na mama yangu akasimama akitazama nje. Nimekulia kwenye sketi yake, nikitazama upupu.

Basi nilipasha maji. Niliyajaribu kwa kiwiko. Nikamwagia mara tatu, nikataja majina matatu, na Tanneken akakohoa, akatoa kitu kizito, akalia. Lo, alivyolia! Ulimkuta amekuwa mwekundu kama bitiruti, ukaanguka magotini ukashukuru, nami nikashukuru kando yako, mikono yangu ikingali na maji.

Sikukwambia.

Hilo si kosa langu kuu. Nimeligeuza kama kitambaa, mbele na nyuma. Kama lingekuwa hilo tu, ningelala.

Pasaka ilipokaribia nilikwenda kuungama. Desturi inataka maji yaliyomwagwa nyumbani yaambiwe padri, ili aandike jina na kukamilisha kwa mafuta na chumvi. Ningeweza kusema nilifuata desturi. Ningeongopa. Tangu nizaliwe hakuna aliyeniuliza jambo zaidi ya "umemaliza?" Na sasa nilikuwa na tendo moja. Mkono huu, wenye makovu ya chanuo, ulikuwa umemfungulia mtu mbingu. Nilitaka mtu mmoja ajue. Nilitaka kuambiwa, "Umefanya vyema, binti."

Na padri alisema hivyohivyo. Nilikuwa nimepiga magoti kando ya kiti chake, naye amefunika uso kwa kiganja kama wafanyavyo.

"Umefanya vyema, binti yangu. Mtoto wa nani?"

"Wa Josina, mjane wa mfumaji."

"Ana siku ngapi?"

"Miezi minne, padri."

Akaondoa kiganja usoni.

"Haya uliyoniambia hapa yanabaki hapa," akasema polepole. "Siruhusiwi kuyatoa. Lakini nikiwa nimekaa mezani, kule sakristia, ukaja ukaniambia tena, yatakuwa maneno ya kawaida kama ya sokoni. Mtoto aandikwe. Unanielewa?"

"Nakuelewa, padri."

Nilimwelewa. Ungejua, Josina, jinsi nilivyomwelewa vizuri.

Kutoka kwenye kiti kile hadi meza ile ni hatua kumi na mbili. Ya tatu inapita nguzo ambayo mtakatifu wake alivunjwa, zimebaki nyayo mbili za mawe. Ya saba inapita mlango wa pembeni. Mlango ulikuwa wazi. Nje mtu alikuwa akinadi vitunguu, na mbwa amelala kizingitini, amegeuzia jua tumbo. Ningemruka mbwa yule ningekuwa sokoni, na padri angebaki na siri yangu hadi kaburini, amefungwa mdomo na Mungu wake mwenyewe.

Ya nane. Ya tisa. Nilikwenda.

Mezani nikasema tena. Nikasema kwa mpangilio, tangu mwanzo, bila kigugumizi, bila kuinamisha kichwa. Sijawahi kusema vizuri vile, kabla wala baada.

Hatua kumi na mbili, Josina. Na ya saba ilikuwa na mlango.

Liwali alikuja Jumanne baada ya Pasaka, asubuhi, na askari watatu. Ulikuwa unafuma. Mimi nilikuwa na mtoto begani.

"Mjane Josina. Mtoto huyu amebatizwa?"

Mwanamke mwingine angesema ndiyo, na liwali, ambaye pengine alitaka kurudi kwenye pombe yake, angekuambia uthibitishe kwa padri. Lakini wewe! Wewe uliyemwonyesha mnunuzi uzi uliokatika kitambaani ambao yeye mwenyewe hakuuona.

"Hajabatizwa," ukasema. "Atachagua mwenyewe akikua."

Liwali akacheka. Hakucheka kwa ubaya, alicheka kama mtu aliyesikia mzaha wa jirani. "Mama wee, hujui hata ya nyumbani kwako! Kijakazi wako ameshambatiza. Kasema mwenyewe, kwa mdomo wake."

Ukageuka. Nikalitega shavu. Nilitaka kofi, nililingoja kama anayengoja mvua. Ulinitazama, kisha ukamtazama Tanneken kichwani, kwenye utosi.

"Maji yalikuwa baridi, Pierine?"

"Hapana, dada. Niliyapasha moto."

"Vizuri," ukasema. Ukafunga uzi wako fundo, kazi isifumuke, ukainuka ukaenda nao.

Wiki tano walikuweka kwenye mnara wa daraja. Kwa kuwa Tanneken alikuwa bado ananyonya, waliniruhusu kumleta asubuhi na alasiri. Padri naye alikuja. Alikuomba, nitasema kweli, alikuomba karibu na machozi, maana na yeye hakuwa amelala. Useme tu kwamba maji yale ni maji, ubatizo ule ni ubatizo. Utatembea na mshumaa mbele ya watu siku moja, urudi kwenye kazi yako. Hata Mama Kallen alileta mkate hadi langoni.

"Mwambie bata wetu aache ujinga," akaniambia. "Neno moja halina uzito hata wa mkate huu." Akajifuta uso kwa aproni yenye unga, akaondoka, macho meupe kwa unga.

Nikakwambia kupitia nondo za dirisha, "Sema ndiyo, dada. Ni neno tu."

"Wewe ulimwaga maji yako kwa kuamini. Hukuongopa. Mimi ndiye unataka niongope?"

"Nataka uishi."

"Najua. Hata mimi nataka." Ukamhamisha mtoto kutoka titi la kulia kwenda la kushoto. "Nataka sana, Pierine. Usije ukamwambia mtu kwamba sikutaka."

Hapo ndipo nilipokueleza. Kiti, meza, mlango uliokuwa wazi, sifa niliyoitamani. Maneno yalitoka yamevunjika, kama mimi ninavyosema siku zote.

Hukusema umenisamehe. Kuna watu wema ambao wameniambia tangu hapo kwamba bila shaka ulinisamehe. Wao hawakuwepo. Nilikuwepo mimi. Ulimtazama mtoto mpaka akaliachia titi kwa usingizi, ndipo ukasema:

"Basi utamlea wewe. Na akiuliza, mwambie yote. Yangu na yako. Usimpunguzie."

Walikuzamisha mtoni asubuhi moja ya Mei, chini ya daraja. Sikuja. Nilifunga madirisha yote, nikamwimbia Tanneken kwa sauti kubwa, nikaimba mpaka koo likakauka, ili yeye na mimi tusisikie ngoma ya askari. Kutoka mlango wako hadi daraja si mbali. Sikupiga hata hatua moja.

Ewe mto uliolainisha kitani chetu! Ewe mto tuliofulia! Sikunywa maji yako tena. Nilimfunga mtoto mgongoni, nikaelekea kaskazini na waliokuwa wakikimbia, hadi mji huu wa mifereji, ambako mtu hupimwa kwa kazi yake, naye liwali haulizi nani alimmwagia nani maji.

Miaka saba sasa. Nafua vitambaa vya watu na kuvianika kwenye nyasi hadi jua livitakase. Tanneken ananiita mama.

Neno hilo lilimtoka mwenyewe, hajatimiza miaka miwili, akinyoosha mkono kuomba mwiko. Nilipaswa kumrekebisha palepale. Nikasema kesho. Kesho ikawa kesho kutwa, nami kila siku nikalipokea neno lako, Josina, nikalila moto, kama mkate ulioibwa kwenye tanuri la jirani, na kila siku lilikuwa tamu.

Leo asubuhi tulikuwa njiani kwenda uwanja wa kuanikia, kapu la vitambaa vibichi kati yetu, kila mtu na mshikio wake.

"Mama," akasema, "watoto wa kwa jirani wanasema mimi ni wa Papa, eti nimebatizwa na padri. Kweli?"

"Hapana."

"Sasa nani kanibatiza?"

Palikuwa na njia nyingi. Ningeweza kusema sikumbuki. Ningeweza kusema ukikua utajua, au tazama bata wale kwenye mfereji, au funga mdomo ubebe kapu. Watoto hudanganywa kwa vitu vidogo kuliko hivyo.

Nikatua kapu.

Nikamwambia. Nilisema vibaya, nikirudi nyuma, nikisahau na kukumbuka. Kikohozi. Kiwiko. Kiti na meza. Mlango. Nilimwambia kwamba mama yake alitaka kuishi, alitaka sana. Nilimwambia kuhusu mto. Sikumpunguzia.

Alisikiliza akibandua gome la ufito wa kapu kwa ukucha.

"Alikuwa na nywele gani?"

"Nyekundu. Kama zako."

"Alikuwa anaimba?"

"Vibaya sana. Paka walikuwa wakiondoka."

Akacheka kidogo. Halafu hakucheka. Alitazama njia, mbele, kisha nyuma tulikotoka, kama anayepima ipi ni ndefu. Akainama akashika mshikio wake.

"Twende, Pierine," akasema. "Jua halitatungoja."

Hakulisema jina langu kwa ukali. Alilisema kama mtu anayerudisha kitu cha wenyewe na kukiweka mahali pake.

Akatangulia. Njia ilikuwa kavu, siku nyingi bila mvua, na visigino vyake vilitimua vumbi, nalo likapanda likaingia kwenye jua kati yangu na yeye, likageuka dhahabu, likatua juu ya vitambaa ambavyo nilikuwa nimevifua tangu alfajiri, kimoja baada ya kingine, vyote. Sikumwambia apunguze mwendo. Nilishika upande wangu wa kapu, nikaufuata mgongo wake.